Duranta za Kaburini kwa Adelina

Jumatatu, 3 Machi
Nimemwagilia duranta, mimea ya uzio, kabla ya chai. Miche arobaini, imelizunguka kaburi la mke wangu Adelina hapa kibanjani Kibeta. Imefika magotini. Samadi kidogo kila shina. Nataka ua mrefu, upesi.

Jumamosi, 8 Machi
Dada Kokugonza amekuja kutoka Kagoma. Kaleta maharage mapya. Ndiye aliyenilea. Nyumba imepata sauti.

Jumapili, 9 Machi
Nimerudi kanisani nikamkuta na kisu. Amekata vichwa vya miche yote. Nusu nzima, chini.
“Isipokatwa ingali midogo, huku chini itabaki mifupa mitupu,” alisema.
Nikamwambia, “Adelina hukumpenda akiwa hai. Hata kaburini humwachi?”
Dada akafuta kisu kwa kitenge, akakunja nguo zake. Sikumsindikiza stendi.

Jumanne, 11 Machi
Bado nina hasira. Ua kama kuku aliyenyonyolewa. Sijamwagilia.

Jumapili, 30 Machi
Mvua wiki nzima. Leo nimekwenda kuangalia. Kila palipokatwa pametoka machipukizi mawili, matatu. Mpaka chini kabisa, mazito. Mama mmoja wa Bilele, mwenye kitalu cha miche, alipita akasimama. Akauliza fundi wangu ni nani. Nikasema ni dada yangu. Aibu ikanishika.
Miezi miwili ya mwisho ni dada aliyemwogesha Adelina, akamlisha, akamgeuza kitandani. Mimi nilikuwa nashindwa hata kuingia chumbani. Kisha nikasema hakumpenda. Mimi.

Jumatano, 2 Aprili
Nimempigia simu. Hakupokea. Mara ya nne akapokea. Tukaongea mvua, tukaongea kahawa. Neno lenyewe halikutoka. Mwoga.

Ijumaa, 2 Mei
Maua ya kwanza. Zambarau. Nyuki tayari. Sikuyafurahia. Kesho nakwenda Kagoma.

Jumamosi, 3 Mei
Nimekwenda. Nilisema nikiwa bado mlangoni: “Dada, nilikukosea. Nilisema uongo.”
“Yamekwisha, Mutalemwa. Karibu ndani.”
Miaka yote nikifika kwake napitia nyuma, naingia jikoni, napewa kisu tunamenya ndizi pamoja. Leo alinikalisha sebuleni, kwenye kochi. Akatandika kitambaa juu ya meza. Akaniletea soda na glasi. Akaniuliza habari za safari.
Halafu akarudi jikoni. Nikamsikia akimenya peke yake.