Mjaluo wa Boti ya Kavoi

Jumatatu, 5 Januari 2026

Hii diary imetoka hardware ya stage ya 56, Kawangware. Walimpa Fundi Kavoi kwa sababu ya misumari yote amewahi kununua kwao, na yeye akanipa mimi. Ati niwe naandika samaki tutakaoshika. Mpaka sasa samaki ni sifuri, kwa hivyo wacha niandike juu yangu. Mimi ni wa maana kuliko samaki.

Jina Nashon. Msomi wa Form Two — ningeendelea, lakini shule ilichoka kabla yangu. Nalala Kibera, kazi ni Kawangware, kupiga msasa vitanda vya Fundi. Na tangu Oktoba napiga msasa boti. Ndio, boti. Kawangware. Fundi ameijenga nyuma ya workshop, katikati ya makabati na majeneza, na watu wakipita wanauliza ni nani huyo mrefu amekufa.

Story ni hivi. Zamani Fundi alienda Mtwapa kutengeneza milango ya hoteli. Huko akaonjeshwa samaki wa baharini anaitwa changu, na tangu siku hiyo hajawahi kuwa mtu wa kawaida. Ukimletea ugali na sukuma anaiangalia kama mtu ametukanwa. Sasa anataka kwenda kuwavua mwenyewe, kwa boti yake mwenyewe. Mkamba wa Kitui.

Leo amesimamisha kazi, akaniuliza mbele ya kila mtu, na lile neno lake moja la Kijaluo la kumwita ndugu: "Omera, nyinyi watu wa ziwa, samaki si ni damu?"

Mukai alikuwa hapo. Mukai ni binti yake, ako na saluni ng'ambo ya barabara, na alikuwa ametuletea chai. Sasa mtu angejibu nini mbele ya Mukai?

Nikasema mimi nilizaliwa ndani ya boti.

Nilizaliwa Kibera, kando ya reli.


Jumatano, 7 Januari

Imekuwa serious. Fundi amenikalisha chini kama mtu anayetoa mahari. Tukienda Mtwapa na samaki washikike, yeye atarudi kwa vitanda vyake na boti itabaki mkononi mwangu. Mimi ndio nitakuwa captain. Nitavua, nitauza kwa zile hoteli, tutagawana. Hakuna msasa tena. Hakuna vumbi la mbao kwa pua.

Captain Nashon. Nimejaribu kuisema mbele ya kioo. Inakaa.

Shida ni ndogo tu. Ocha yetu, yaani kijijini, ni Ugenya, na Ugenya hakuna ziwa, kuna mahindi. Ziwa lenyewe nimeliona mara moja, kupitia dirisha la basi, tukienda matanga. Samaki ninayemjua mimi ni mgongo wazi, ile mifupa inabaki kiwandani wakishatoa nyama yote. Mathe, mama yangu, huikaanga na kuiuza hapa Olympic, Kibera. Mimi ni mvuvi ambaye hajawahi kuona samaki akiwa na mwili.

Na siwezi kuogelea. Hiyo ndio shida nyingine ndogo.


Jumamosi, 10 Januari

Leo tumejaribu boti. Fundi alisema haiwezi kwenda baharini kama haijaonja maji, na maji ya karibu ni Nairobi Dam, hapa tu chini ya Kibera. Tukaileta na mkokoteni. Watoto walitufuata wakiimba nyimbo za kanisa. Walidhani ni mazishi.

Sasa, hii dam. Inaitwa dam kwa heshima tu. Magugu maji yamefunika kila kitu, na upande mmoja watu wamepanda nduma. Tuliiweka boti, ikakaa juu ya magugu kama kuku anayeatamia mayai. Tukapanda sisi wawili. Ikakaa tu. Fundi akapiga makasia, tukasonga kiasi cha mkono mmoja, tukarudi.

"Unaona?" Fundi akasema. "Haivuji."

Haikuzama kwa sababu hakukuwa na maji ya kuzamia. Lakini alikuwa amefurahi sana, akaniuliza kama mtaalamu naionaje. Nikagonga ubao na kidole. Nikasikiliza. Nikasema imetulia.

Sijui nilikuwa nasikiliza nini.


Jumatatu, 12 Januari

Nimemwambia mathe naenda kuvua. Hakuacha hata kugeuza mifupa kwa mafuta.

"Nashon, wewe ulikuwa unalia ukioshwa kwa beseni."

Nikamwambia hiyo ilikuwa zamani. Akasema zamani ilikuwa darasa la tatu.

Halafu akafunga mgongo wazi mbili kwa gazeti, akaniambia nimpelekee huyo Mkamba nimweleze ukweli nikiwa bado nchi kavu. Niliipeleka. Tulikula mimi na Fundi. Ukweli tulisahau kula.

Jioni Obonyo akaamua kunifundisha kuogelea. Obonyo ni beshte yangu, alisomea Homa Bay, kando ya ziwa, anajua maji. Tulikosa maji, kwa hivyo alinilaza kwa tumbo juu ya benchi ya kinyozi nirushe mikono na miguu. Wateja walitoa maoni. Mmoja alisema naogelea kama mtu anayefukuza nyuki. Obonyo alisema niko sawa, mradi bahari iwe na benchi.


Jumatano, 14 Januari

Mtwapa. Tumefika na lori ya viazi, boti ikiwa juu na sisi tukiwa juu ya boti. Mgongo wangu umeandikwa magunia.

Nimeiona bahari. Siandiki sana juu ya hiyo. Ni kubwa. Ni kubwa bure, hakuna mtu anahitaji maji mengi hivyo.

Tuliposhusha boti, wavuvi wa hapa walikuja kuiangalia. Fundi ameipaka ile varnish ya vitanda, inang'aa vibaya. Mzee mmoja akaipapasa, akauliza kwa upole, "Bwana, na mito yake iko wapi?" Wakacheka mpaka wakakaa mchangani. Lakini huyo mzee ni mtu mzuri. Alitupatia uzi wa nailoni, ndoana na vipande vya ngisi vya kuwekea changu. Akaleta na life jackets mbili, kuukuu lakini nzima. Akasema tutarudisha tukimaliza.

Nilishanyoosha mkono. Nilikuwa karibu kuishika.

Fundi akamwambia, "Asante mzee, hizo ni za watu hawana Mjaluo." Akanigonga bega. "Huyu alizaliwa ndani ya boti."

Wote wakaniangalia na heshima mpya. Mkono wangu ukabadilisha safari, ukakuna kichwa.


Alhamisi, 15 Januari

Nimevua! Mimi! Lakini wacha nianze mwanzo, kwa sababu mwanzo ulikuwa aibu.

Nilipewa makasia. Nikaketi nikiangalia mbele kama dereva yeyote mwenye akili. Kumbe mpiga makasia anaipa safari mgongo. Tulizunguka pale pale, wale wavuvi wakipiga makofi, mpaka Fundi akauliza kama hivyo ndivyo tunasalimia maji kwetu. Nikasema ndio. Nikageuka kama mtu amemaliza kusalimia.

Tulikaa ndani ya mkono wa bahari, karibu na mawe, ukisimama maji ni ya kifua. Fundi akashusha nanga, yaani gearbox ya pikipiki. Boti ikaanza ile kitu yake ya juu, chini, juu, chini. Hapo tumbo langu likakataa kazi. Nilitapika chai, nikatapika mahamri, nikatapika kitu sikumbuki kula.

Nikasikia Fundi nyuma yangu: "Hiyo ni ya nini, omera?"

Nikiwa bado nimeinama, machozi kwa macho, mdomo wangu ukajibu bila kuniuliza. "Ni ya kuwaita, Fundi. Ziwani ndivyo tunawaita."

Na wakakuja. Naapa. Maji yalikuwa safi, unaona mpaka chini, na nikaona vivuli vikitoka kwa mawe. Fundi akatupa ngisi wake. Changu haumi kama unavyodhani. Kwanza anagonga, tk, tk, kama mtu anayebisha mlango wa landlord. Ukivuta hapo umemkosa. Unangoja. Halafu anaondoka na uzi wote kama mwizi wa simu, na hapo ndio unavuta.

Fundi alitoa wanne. Mimi nilitoa mmoja, mdogo, wa kiganja, na macho makubwa ya kushangaa. Ana nyama pande zote mbili. Nilimgeuza mara kadhaa kuhakikisha.

Mukai amepiga simu. Nimemwambia huyo wangu alinisumbua sana kumtoa. Akasema nimtumie picha. Nimemwambia camera imeingia maji.

Sasa hii ndio inaninyima raha. Tulikaanga hao samaki kwa mchanga, na Fundi akala mpaka mwisho, akalamba vidole, akaniambia kitu hajawahi kuniambia. Ule wakati wa milango ya hoteli, wavuvi walimwalika twende boti, twende boti, na hakuwahi kwenda. Alikuwa anasimama kwa ukuta wa hoteli anawaangalia. Anaogopa maji. Hajui kuogelea hata kidogo.

"Mtu wa Kitui ataogelea wapi?" akasema. "Mito yetu ni mchanga. Ndio nilikuwa nangoja mtu kama wewe. Nikianguka, utanitoa."

Halikuwa swali.

Halafu akasema kwa vile nimejua kuwaita, kesho tutoke nje, huko mbali, kwa mwamba, kwenye wakubwa.

Nilifungua mdomo. Nilikuwa nimeshika sentensi yote, naapa, ilikuwa hapa kwa ulimi. Kilichotoka ni, "Sawa Fundi."

Nimempigia Obonyo. Alicheka mpaka akakata simu. Akapiga tena, hacheki sasa. Akasema, "Buda, mwambie." Nikamwambia nikisema narudi kwa msasa. Akasema kwa msasa watu hawafi.


Ijumaa, 16 Januari

Naandika nikiwa ndani ya boti. Mwandiko ni wa bahari, si wangu.

Asubuhi nilienda kwa yule mzee kuomba zile life jackets kimya kimya. Alikuwa ameshaenda baharini kuvua, amezibeba.

Tuko kwa mwamba. Mtwapa imekuwa kidogo, naifunika na kidole. Chini ni giza, hakuna kuona mawe. Fundi amebadilika kabisa. Huyo mtu wa kusimama kwa ukuta hayuko. Anaimba Kikamba. Anakaa kwa ukingo wa boti kama yuko kwa kochi lake, ananing'iniza miguu nje, anacheka na samaki. Ameshatoa changu watano, wakubwa, wa kujaza sinia. Kila akivuta anainama mbele mpaka naona mgongo tu, kichwa hakuna, na hata haangalii nyuma. Kwa nini aangalie? Niko.

Maji yanaingia kidogo pale nilipogonga na kidole nikasema imetulia. Nayatoa na mkebe wa mafuta ya Kimbo. Nimesema ni jasho la mbao mpya. Amekubali. Huyu mtu amejenga vitanda miaka yote, na ananiamini mimi juu ya mbao.

Nimejifunga kwa kiti na kamba. Nimesema ni style.

Na nimemshika. Hii ndio sababu mwandiko ni mbaya. Mkono wa kulia unaandika, wa kushoto umeshika belti yake kwa nyuma, na vidole vimeisha damu. Ameniuliza, "Omera, mbona umenishika kama kuku wa kuuzwa?"

Nikasema, "Fundi, kuna kitu nataka kukuambia."

Akasema, "Ngoja, anabisha."

Nikangoja. Changu akabisha, tk, tk, akaondoka na uzi, Fundi akavuta. Belti ikavuta. Mimi nikavuta. Tukatoka sisi wote watatu salama. Ni yule mkubwa kuliko wote. Fundi amemkumbatia kifuani, shati limelowa, ana machozi kabisa. Amesema tangu ule ukuta amengoja hii siku.

Sasa ameinua kidole anaonyesha mbele, pale maji yanaacha kuwa kijani yanakuwa meusi.

"Wa pale ni wa kukaa meza nzima. Wewe ndio captain, omera. Vuta nanga twende?"

Ameshageuza shingo, ananiangalia, anatabasamu. Kamba ya nanga iko karibu na goti langu.

Hiyo gearbox ni ya mikono miwili. Ili niivute lazima niachilie belti.