Jembe la Wendelin

Shangazi Luisa, pokea salamu za huku Lundo, naomba unisaidie maana sina tena pa kuupeleka moyo wangu, gazeti lako nimelikuta dukani kwa Nurdini likiwa limefungiwa sabuni, nikasoma unavyowajibu watu nikasema huyu hata akinigombeza nitakubali.

Mimi ni mzee wa miaka sitini na mbili, Mkatoliki, nilizaliwa mlimani kwa Wamatengo nikaoa huku ziwani, na mwaka jana niliitwa Songea kuwa mzee wa baraza katika kesi ya mauaji, yaani tunakaa watatu pembeni ya jaji, tunasikiliza, mwisho kila mmoja anatoa maoni yake. Mshtakiwa aliitwa Wendelin, mkulima wa kahawa. Jirani yake Pankras alikutwa shambani amekufa, amepigwa kichwani, na wote walijua hao wawili waligombania mpaka wa mashamba tangu wanunuzi binafsi wa kahawa walipoanza kuja huko mlimani na kila mtu akataka kuongeza miche. Wendelin aliulizwa kama anataka mkalimani, akakataa, akasema Kiswahili anakijua. Akaulizwa ule ugomvi uliishaje, akajibu kwa sauti, "Nilimmaliza kwa jembe." Ukumbi mzima ukaguna, jaji akaandika.

Shangazi, kwenye vile vitongoji nilivyokulia, aliyevuka mpaka wa mwenzake humpelekea jembe jipya, mwenye shamba akilipokea wamemalizana, na mimi nilielewa palepale kwamba yule mtu anasema walimalizana, Kiswahili kimemponyoka tu, hata uso wake ulikuwa wa mtu anayejitetea. Jaji akatugeukia, "Mzee, una swali?" Nikasema, "Sina, mheshimiwa." Niliogopa lile joho, niliogopa wataniona nambeba Mmatengo mwenzangu, na zaidi nilijiambia serikali imewekwa na Mungu, mimi nani niisahihishe. Mwisho nikasema ana hatia, kama wenzangu. Akahukumiwa kunyongwa, na nasikia rufaa yake bado haijasikilizwa.

Tangu hapo sijui kama naishi au naota. Mchana nikilinda usipa, dagaa wa huku ziwani, tuliowaanika mchangani wasiliwe na kunguru, macho yananilegea, naona ziwa limetulia hata maji na mbingu havina mpaka, na juu ya maji linakuja jembe jipya, mpini wake mweupe, linaelea polepole bila mpiga kasia, likifika ufukweni linasimama linanisubiri nilipokee, nami nikinyoosha mkono nashtuka. Kisha naingia majini kunawa, nanawa mpaka viwiko, hata mke wangu Notburga ameona, ananiuliza, "Baba Glorious, unaosha nini kila mara, usipa wenyewe hata hujawagusa?"

Nilipomweleza alilia, akasema Amri ya Tano, usiue, haikuisamehe serikali, uhai ni wa Mungu basi. Katekista wetu Othmar nilimuuliza juu juu tu, habari ya jembe sikumwambia, yeye akasema Mungu mwenyewe ameipa serikali upanga, muuaji akinyongwa haki imetendeka, nitulie. Kila mmoja akisema namwona yuko sawa. Nimfuate nani, Shangazi?

Mzee wa Baraza, Lundo

*

Mzee wangu, shikamoo. Nakuamkia kwanza, kwa sababu maneno ninayokuja nayo ni makali.

Pole. Naamini moyo unakuuma, na kilio cha Mama Glorious nimekisikia mpaka huku. Lakini usinizungushe. Umeniuliza kama Mkristo akubali serikali inyonge watu. Hilo maaskofu na wachungaji wanalibishania, nami nina upande wangu: Kaini alikuwa muuaji kweli, na Mungu akamwekea alama watu wasimuue. Siwezi kumzidi Mungu ukali. Katekista wako anaona vingine, na namheshimu. Ila hata huo upanga wa Othmar ni wa aliyetenda uovu. Ungemwambia habari ya jembe asingekutuliza, na ndiyo maana hukumwambia!

Pilato naye alijua, akanawa. Yeye alitumia bakuli, wewe umechukua ziwa zima, na bado hutakati.

Na hilo la kuiheshimu serikali usinirudie nalo. Kile kiti ulichokalia Songea kilikuwa cha nani? Jaji hakujua desturi za mlimani, ndiyo sababu akawekewa wazee pembeni. Serikali hiyo unayosema imewekwa na Mungu ilikugeukia ikakuomba msaada, wewe ukaiacha ipotee njia, eti kwa adabu. Nimekasirika, Mzee wangu, nisamehe.

Sasa acha kulinda usipa, wako wengine wa kufukuza kunguru. Panda mlimani kwa mjane wa Pankras, ambaye hukumtaja hata mara moja. Usiende kumtetea Wendelin mbele yake, mama wa watu amefiwa. Mpe pole, kaa, kula atakachokupa, kisha muulize kama marehemu alipokea jembe jipya kabla ya kifo chake. Huenda analilimia mpaka leo bila kujua lina maana gani mahakamani. Huenda pia hakuna jembe, na Wendelin aliua kweli. Kuamua si kazi yako. Kusema ulichoelewa ndiyo kazi yako.

Akikujibu hivi au vile, shuka Songea ukamtafute wakili aliyemtetea Wendelin, umweleze neno kwa neno, utoe kiapo cha maandishi, naye atajua namna ya kukifikisha kwenye rufaa. Mchukue Othmar mwende wote, na safari hii mweleze yote. Wapo watakaosema mzee huyu alikaa kimya mwaka mzima, na watakuwa wamesema kweli. Inamisha kichwa, uendelee na safari.

Jaji alikuuliza kama una swali. Unalo. Nenda ukaulize, Wendelin bado yu hai.