Redio ya Kaka Yako

Mama Salma,

Nimemkosea shangazi yako Bi Time, lakini kaka yako Hamadi kanitia wazimu! Tumefunga redio koli kwenye helmeti, yeye atangulie na pikipiki yake njia za porini huku Konde, mimi nyuma na yangu, anitajie mashimo. Basi kila shimo lazima anisalimie kwanza: "Shemeji, hujambo? Nyumbani wazima?" Hata sijajibu, nishatumbukia! Nikaizima kwa hasira. Kona ya mbele nikapita katikati ya majamvi ya Bi Time aliyoanikia karafuu kando ya njia, karafuu zote topeni.

"Si nilikuita?" Hamadi ananambia.

Bi Time akauliza tu, "Baba, karafuu zangu ndo barabara?"

Nimeona haya, mke wangu. Nibusie Salma. Kabla ya swala ya Ijumaa nitaziokota zote, nizisafishe, nizianike upya kwa mkono wangu.

Baba Salma