Jumamosi Bila Zainabu

Jumamosi, 9 Februari
Vidio tena. Ya karate. Mwalimu anauawa mwanzoni kabisa, mwanafunzi wake anafanya mazoezi filamu nzima ili alipize kisasi. Mateke mazuri. Hadithi hakuna. Ngumi zinalia kama mtu anayekung'uta godoro.
Ukumbi wa vidio wa Makokha ulijaa wakata miwa na madereva wa trekta. Wanawake tulikuwa watatu. Zainabu hakuja. Wiki ya sita sasa.

Jumapili, 10 Februari
Nimetoka kanisani, nimepika, nimekula. Hakuna wa kumweleza ile filamu.
Miaka tisa tumekuwa majirani hapa Mayoni, mimi na Zainabu. Kila Jumamosi saa nane mchana tulikuwa vidio. Halafu mwisho wa mwaka Idi, mume wake, akang'oa mahindi yote na kupanda miwa hadi karibu na mlango wa jikoni. Kila mtu anafanya hivyo siku hizi. Zainabu alipokuja dukani kwangu nikamwuliza, "Sasa mtakula miwa?" Nilikuwa natania. Nusu. Akakasirika, akasema mimi sina mume wala shamba, najua cherehani tu.
Nilimjibu. Nilichosema sikiandiki.

Jumamosi, 16 Februari
Ya Kihindi. Saa tatu nzima. Mama anapotezana na mwanawe sokoni, mtoto anakuwa polisi, anakuja kumkamata mama yake bila kumjua. Nililia. Najua ni upuuzi na nililia.
Nyimbo ni nyingi mno. Mtu amepigwa risasi, bado anaimba.
Zainabu hajui Kihindi hata neno moja, lakini alikuwa ananitafsiria filamu yote sikioni. Alikuwa anabuni. Nilijua anabuni. Leo nimeona picha tu zikipita.

Jumatano, 20 Februari
Sare za shule, kumi na mbili. Mgongo unauma. Mteja mmoja anasema kwa Idi kuna televisheni mpya na betri ya gari ya kuiwasha. Kumbe ndiyo maana haji ukumbini. Anatazama kwake, amenyoosha miguu.
Nina wivu. Basi, nimeandika.

Jumamosi, 23 Februari
Ya kutisha. Maiti zinafufuka, zinatembea pole pole, na bado watu wanashindwa kuzikimbia. Nilicheka. Rangi ya damu ni kama sosi ya nyanya iliyochanganywa na maji. Mama mmoja aliomba rozari hadi mwisho.
Kurudi nyumbani, ile njia ya katikati ya miwa. Jua kali, saa kumi na moja, na miwa imenizidi kimo pande zote mbili. Majani yakatikisika. Nilikimbia na viatu mkononi. Alikuwa mbuzi. Tungekuwa wawili tungecheka hadi tukae chini.

Jumanne, 26 Februari
Mama Idi, mama mkwe wa Zainabu, ameleta buibui nimtengenezee pindo. Nikamwuliza kwa ukali kidogo kama mkwe wake anafurahia televisheni.
Akaniangalia. "Kwani wewe hukuambiwa? Zainabu yuko Kakamega kwa dada yake tangu mwezi uliopita. Mimba ilitoka, mwanangu. Alilazwa huko. Hata hiyo televisheni hajaiona."
Nilikaa chini.
Sasa naandika. Siku ile nilimwambia, "Angalau cherehani yangu inazaa kitu." Miaka tisa ya ndoa bila mtoto, na mimi nikamwambia hivyo. Mimi.

Alhamisi, 28 Februari
Nimefunga duka, nimeenda Kakamega. Nilibeba ingokho, kuku mzima, nikajiona mjinga nikiwa naye mlangoni.
Zainabu amekonda. Alikuwa amekaa mkekani, anachambua mchele. Nikamwambia, "Zainabu, nisamehe. Lile neno."
Hakuacha kuchambua. "Siku ile nilikuja dukani kukuambia nina mimba. Miezi mitatu. Wewe ndiwe ungekuwa wa kwanza, kabla ya mama yangu."
"Nakuombeanga, Beatrice. Sijaacha," akasema. "Lakini sina maneno ya kukupa leo. Ondoka mapema, usikose gari."
Dada yake akapokea kuku, akanisindikiza hadi barabarani.

Jumamosi, 2 Machi
Vichekesho. Mwanaume mnene anavunja kila kiti anachokalia. Ukumbi mzima unashika mbavu. Nikatoka katikati. Filamu haikuwa mbaya, sitaisingizia.

Alhamisi, 7 Machi
Zainabu amerudi. Nilimwona kwenye kinu cha unga, debe kichwani, anatembea polepole. Yeye na Idi wananunua mahindi sasa. Sikufurahi kuwa nilisema kweli.
"Habari ya kazi, Beatrice."
"Nzuri. Habari ya nyumbani?"
"Alhamdulillahi."
Akapita.

Jumamosi, 9 Machi
Leo Makokha kaonyesha filamu ambayo hajui aliitoa wapi. Ya Kizungu, ya zamani, haina rangi. Dada wawili wanauza nyumba ya marehemu mama yao. Wanafunga vyombo ndani ya magazeti. Wanagombana kidogo kuhusu birika. Hakuna anayekufa, hakuna anayeoa. Mwishoni mmoja anapanda treni, mwingine anafagia sakafu ya nyumba isiyo yake tena.
Vijana walipiga kelele warudishiwe karate. Wengi wakaondoka. Tulibaki kama watano. Mimi naona ni filamu nzuri kuliko zote nilizotazama mwaka huu, na sijui kwa nini.
Mvua imeanza kunyesha nikiwa njiani. Nimefika nimelowa. Nimeingiza mkaa ndani, nimewasha jiko, nimesonga obusuma kidogo, ugali wa mtu mmoja.