Masanduku ya Ndugu Ambao Hukuwa Nao

Kwako Baba Akinyi, uliyelala nyuma ya nyumba,

Ua wetu wa upande wa barabara bado una pengo. Wanaopita wananiuliza kwa nini silizibi, na mimi nawaambia nitaliziba nikimaliza kuongea na mwenye boma. Basi leo naongea. Nakuandikia wazi, na anayetaka kusoma asome, maana mambo ya nyumba hii yameshazungumzwa na kila mtu hapa Asembo isipokuwa mimi na wewe.

Unakumbuka sanduku la kwanza? Tulikuwa tukipanga nyumba mjini, mtaa wa Migosi, wewe ukiwa seremala wa reli. Ulilileta umelifunga kwa shati lako la kazi, ukaniambia limetoka kwa familia ya Kihindi iliyokuwa ikifunga mizigo kuhama. Juu yake palichongwa mikono miwili iliyoshikana. Ukanieleza kwamba zamani hapo mjini palikuwa na vyama vya udugu, wazungu na wahindi wakikutana kwa milango iliyofungwa, na kila jambo lao lilikuwa na sanduku lake: la kupigia kura, la sadaka, la kuhifadhi yale mavazi yao ya kiunoni. Baba yako alifagia ukumbi wao miaka yote na hakuruhusiwa kupita mlango wa ndani.

"Leo vitu vyao viko kwa meza yangu," ukasema, na mimi nikacheka, nikakutafutia kitambaa cha kupangusia. Siwezi kukataa kwamba nilikupenda sana siku ile.

Halafu lile la Awasi. Tulikuwa tumetoka kumwona dada yangu, ukaona nyuma ya duka la mama mmoja sanduku zee, na ndani yake kuku ameatamia.

"Mama, hiyo sanduku nipatie, nitakutengenezea ingine mpya."

"Na kuku yangu nipeleke wapi, Mzee?"

Ulingoja hadi vifaranga vikaanguliwa, ndipo ukarudi na kasha jipya la mbao. Tulikwangua kinyesi pamoja, tukapiga msasa, tukapaka nta, na chini ya uchafu wote ule likatokea jicho lililotengenezwa kwa vipande vidogo vya pembe. Ulikuwa ukisema, "Mama Akinyi, shika hapa," na mimi nashika. Hivyo ndivyo tulivyooana, Baba Akinyi, kwa kushika hapa na pale. Ungeishia hapo ningekuombea mbingu kila asubuhi.

Ulipostaafu tukaja huku nyumbani, na ukayapanga, hayo na mengine uliyoyapata baadaye, kwenye rafu ya sebuleni: jicho, fuvu, ngazi, bikari, mikono. Wageni wakaanza kunong'ona kabla hata ya chai kupoa. Mzee yuko kwa ile chama ya siri. Tuliponunua pampu ya kumwagilia sukuma wiki, wakasema ni pesa ya shetani. Mama Pamela, jirani yetu ambaye tuliimba naye kwenye kundi la akina mama kanisani, akawa ananisalimia kutoka kwa lango, mguu mmoja ndani na mwingine nje.

Ulihitaji kusema sentensi moja tu. Mimi ni seremala, napenda mbao nzuri. Basi. Lakini wewe ulikuwa unatabasamu na kufunga sanduku kwa ufunguo mtu akikaribia. Nikikulalamikia unaniambia, "Kimya kingi kina mshindo mkuu." Kwenye baraza la chifu ukawa unaachiwa kiti cha mbele, na nilikuona jinsi ulivyokikalia. Ulifurahia, usinidanganye hata ukiwa huko uliko.

Sasa nije kwa siku ya ayie, siku watu wa Okoth, mchumba wake, walipokuja kumwomba binti yetu Akinyi. Nilipika tangu alfajiri. Kuku, samaki ngege wa kukaanga na wa mchuzi, kuon mbili kubwa za ugali, na mchele kwa wale wa mjini. Niliwaza masanduku, nikakuomba uyahamishe chumbani kwa siku hiyo moja. Ukakataa, ukasema hii ni nyumba yako. Wageni wakaketi wakiyatazama. Mjomba wa Okoth, yule mzee mrefu, akavumilia mpaka akashindwa.

"Jaduong', samahani. Hii macho kwa sanduku inaangalia nani?"

Nilikuwa nimesimama mlangoni na beseni la maji ya kunawa, na mbele ya wakwe mke hamjibii mwenye boma. Nilikutazama wewe. Akinyi naye, kule jikoni, alikuwa ameacha kukoroga.

"Mambo mengine hayaulizwi," ukasema, na tabasamu lako.

Wakatazamana. Yule mzee akasema anaona mvua inakuja kutoka ziwani na barabara ni mbaya. Jua lilikuwa linawaka hata mbwa wamejificha. Wakaondoka bila kunawa mikono. Watu waliokuja kuoa wanatoka bomani kwako hawajaonja chakula! Hata mtoto mdogo hapa anajua hiyo maana yake ni kukataa posa. Okoth aligeuka mara moja pale langoni, na huo ukawa mwisho wa kumwona.

Jioni ile nilikuuliza kwa nini. Ukasema, "Baba yangu alikufa akiitwa boi. Mimi naogopwa."

Nikakujibu kwamba binti yako haogopwi, anakimbiwa. Akinyi akaenda Nairobi, na tangu hapo akija nyumbani anapitia mlango wa jikoni ili asione sebule. Hajaolewa. Umri wa kunizalia wajukuu unampita, na mimi namtazama tu.

Halafu ukafa. Na hapa ndipo ninapokukasirikia zaidi, kwa sababu hukubaki kujionea. Watu wa ukoo walikutana wakaamua ua ukatwe upande wa barabara, ili magari makubwa ya ndugu zako wa chama yapate kupita. Kijiji kizima kilikuja, na si kwa ajili yako, walikuja kuona magari. Jeneza lilikaa juani, mchungaji akirudia wimbo uleule, kila mtu ameelekeza shingo barabarani. Mwishowe mwongozaji akashika kipaza sauti.

"Kama kuna wenzake Mzee wa kile chama, tunawapea nafasi waseme kidogo."

Hakusimama mtu. Niliangalia chini nisione nyuso zao. Kitu pekee kilichopita kwenye lile pengo kilikuwa mbuzi wa Mama Pamela.

Huyo mbuzi ndiye aliyenisaidia kuliko ukoo wako wote. Alizoea kupita pale kula sukuma yangu, na siku moja Mama Pamela akamfuata hadi barazani, akanikuta nimeyatoa masanduku nje niyapanguse vumbi. Akasimama mbali. Nikadhani atakimbia.

"Mama Akinyi, hebu niambie ukweli. Ndani iko nini?"

Miaka yote hiyo hakuna aliyewahi kuniuliza mimi. Nikachukua ufunguo wako, nikafungua lile la jicho. Akachungulia. Akaingiza mkono, akapapasa kona zote, akaunusa.

"Wuoi! Ni hii tu tumeogopa?"

Akacheka mpaka akakaa chini kwenye simenti, na nikamweleza habari za kuku wa Awasi. Kesho yake alikuja na akina mama wengine, wakafungua kila sanduku kwa mikono yao, wakabishana ni mti gani. Mmoja ameniomba lenye ngazi aweke nyuzi zake. Lile la mikono miwili nimelitia dagaa zangu za omena jikoni. Ukitaka kukasirika, kasirika. Debe tupu huvuma, ndivyo wasemavyo. Masanduku yako matupu yalinyamaza, na kimya chake ndicho kilichotuvunjia nyumba.

Jumapili Akinyi alipiga simu. Mama Pamela alikuwa amekwisha kumsimulia yote, unajua mdomo wake. Nilitegemea atacheka. Hakucheka. Nilisikia anapumua tu, kisha akaniuliza, "Mama, kumbe ilikuwa ni kufungua tu?"

Okoth ana watoto sasa.

Hilo swali mjibu wewe.

Mimi niliyekuwa nikikushikia hapa na pale,
Mama Akinyi