Wanaokula Ngano Yangu

Jumatatu, 3 Machi
Nimefungua duka, nimepanga misumari, nimefagia vumbi la Lodwar. Halafu mchezo. Mashamba yangu ya kwenye simu yamestawi. Mimi ni mtu wa stoo hata huko: ngano kwanza, askari baadaye. Akiba haiozi. Mwenzangu wa timu, Amani, Mkongo wa kambi ya wakimbizi ya Kakuma, anaajiri askari tu. Mwaka mzima tunacheza pamoja, hatujaonana. Zaidi yake sina rafiki huku. Kwenye mchezo huu, mji ukichomwa na maadui, mwenye mji ametoka. Harudi.

Jumanne, 4 Machi
Ngano inapungua. Sijaigusa. Askari wangu ni walewale wachache. Nani anakula?
Saa saba mchana, mji wote umelala kwa joto. Ujumbe wa Amani: "Niko kwako." Nimefungua mlango wa nyuma. Upepo tu, na mfuko wa nailoni. Huyu na maneno yake matamu! Sijamjibu.

Jumatano, 5 Machi
Simu inakohoa. Haki ya Mungu. Sauti za kuku na nyundo za mchezo nazijua, hiki kikohozi sikijui. Ni cha watu wengi, wanaojizuia wasisikike. Mama Akiru, muuza mikeka jirani, amesimama mlangoni akasikiliza, kisha akanisalimu kwa Kiturkana.
"Ejok. Uko na wageni? Umewapa chai?"
Nimemwambia ni simu. Hakucheka. Naogopa. Na nina hasira, ngano ni yangu.

Alhamisi, 6 Machi
Ghala nusu. Nimepata kitufe: "Chakula kwa wenyeji tu." Nimebonyeza. Ngano imetulia. Asante Yesu.
Jioni Amani ameandika maadui wanamjia, nimtumie askari hata wachache. Nimemwambia angoje, shamba jipya likamilike kesho kwanza. Kwani askari wake wako wapi? Amejibu: "Niko kwako. Ni mbali kurudi." Nauliza swali, naletewa mashairi. Nimezima simu.

Ijumaa, 7 Machi
Mji wa Amani umechomwa. Picha yake imekuwa ya kijivu. Shamba langu limekamilika.
Kikohozi kimepungua. Sasa ni mmoja mmoja.

Jumamosi, 8 Machi
Mama Akiru ameuliza kama wageni wameenda. Sijui kwa nini, nimefungua ukurasa wa lango la mji wangu kwenye mchezo. Sijawahi kuufungua, hauna faida.
Wageni: kutoka kwa Amani. Kikosi chake chote. Wameingia Jumatatu. Jumanne maadui walifika kwangu, wakawaona, wakageuka. Jumatano vilevile. Alhamisi wakageukia kwake, kulikobaki wazi.
Chini yake: Waliokufa kwa njaa. Sikumaliza kusoma. Aliye hai: mmoja.
Niko kwako. Alikuwa ananiambia alipo. Hakukuwa na fumbo lolote.
Nimekizima kile kitufe. Nimelia mbele ya mteja wa mabati. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Haya, nimepona. Najichukia.

Jumapili, 9 Machi
Sijaenda kanisani. Duka nimelifunga, niko ndani peke yangu. Nimemwandikia Amani kwamba askari wake mmoja bado yuko kwangu, anakula. Hajajibu.
Ghala limejaa hadi mlangoni. Nimeweka simu kwenye kaunta, sauti juu. Kimya kirefu, halafu anakohoa. Kimya tena.
Nimechemsha chai. Kikombe cha pili nimekiweka karibu na simu.