Kura ya Mlezi wa Tawi

Ijumaa, 10 Oktoba

Vidonge, uji wa mchele, kisha dirishani. Binti yangu Neema amenipangia mito mgongoni akaondoka kwenda soko la nguo la Zhanqian kuchagua magauni ya mteja wake wa Arusha. Miguu imevimba tena. Soksi zimeacha alama kama za kamba. Nikikaa napumua vizuri, nikilala vibaya.

Jana daktari alizungumza na Neema kwa muda mrefu, na Neema akanitafsiria kwa sentensi moja. Nilifundisha jiografia maisha yangu yote ya kazi. Najua ramani ikiwa ndogo sana kuna vitu vimeachwa.

Moyo umechoka. Hawatapasua. Kurudi Morogoro kwa ndege si sasa, labda maji ya mapafu yakipungua. Sina hofu kubwa ya kufa. Nina aibu moja tu, na nitaiandika nikipata nguvu.

Jumapili, 12 Oktoba

Baada ya ibada Neema alinipeleka kwa Mama Sele. Mgahawa wake uko ghorofa ya pili, nyuma ya maduka ya jumla ya nguo, na ndipo linapokutana tawi la mashabiki wa klabu ya mpira ya Nyuki hapa Guangzhou. Mimi ni mlezi wa tawi. Walinipa cheo hicho safari yangu ya kwanza kuja kwa binti yangu, walipojua nilikuwa katibu wa Nyuki kule nyumbani.

Leo ajenda ilikuwa jezi ya sherehe ya tawi. Mgongoni zitachapwa sura za magwiji wa klabu. Kiwanda kinataka mchoro wa mwisho wiki hii, kabla wageni wa maonyesho ya biashara ya Pazhou hawajakijaza kazi. Sura zote zimekubaliwa isipokuwa moja. Dira.

Kiungo kama yule sijamwona tena. Pasi yake ilifika mahali kabla mwenzake hajajua kwamba ndiko anakokwenda. Aliichezea Nyuki misimu minane. Kisha akahamia Korongo, watani wa jadi, na msimu wa kwanza tu akawatengenezea bao lililowanyima Nyuki ubingwa. Siku hizi amestaafu. Ubishi haujastaafu.

Mwenyekiti wetu, Mangi, anayesafirisha simu, hataki hata kulisikia jina. Akasema, "Gwiji gani anahama nyumba, halafu anarudi kuitoboa paa?"

Shaibu wa Kariakoo, mtu wa mizigo ya ndege, akamjibu, "Yale makombe uliyoyashangilia mpaka ukavua shati, aliyapika nani? Wewe?"

"Ningeyapika mimi, nisingewapelekea Korongo sufuria."

Mama Sele akasema kutoka jikoni kwamba sufuria zake zisiingizwe kwenye mambo hayo.

Kura zikapigwa. Sawa kwa sawa. Wote wakanigeukia, kwa kuwa katiba ya tawi inampa mlezi kura ya kuamua. Katiba hiyo niliiandika mimi. Nikasema nimechoka, nitatoa jibu Jumatano.

Jumatatu, 13 Oktoba

Aibu yenyewe ni hii. Mimi ni Korongo.

Nimeiandika. 

Nilikuwa Korongo tangu mdogo, tangu redio ya jirani. Nilipokwenda kujitambulisha nyumbani kwa kina Perpetua, baba yake hakuniuliza dhehebu wala ukoo. Aliniuliza timu. Alikuwa katibu wa tawi la Nyuki pale mjini, na mwezi uleule kijana mmoja wa Korongo alikuwa amerudishwa kutoka mlangoni. Mshenga wangu alikuwa ameshanionya njiani. Nikasema Nyuki. Neno moja. Nikapewa soda, kisha nikapewa mke.

Nilidhani nitaweka mambo sawa baada ya harusi. Baada ya harusi mkwe wangu akanikabidhi kadi ya uanachama mbele ya watu. Halafu ukatibu msaidizi, kwa sababu mwandiko wangu ulikuwa mzuri. Halafu ukatibu. Watoto wakazaliwa Nyuki. Korongo wakishinda nilikuwa nakwenda chooni kufurahi. Nakaa muda wa kutosha, nanawa uso, narudi kuomboleza na wenzangu. Perpetua alidhani nina tatizo la tumbo. Aliwahi kunichemshia mizizi.

Sikuwahi kuacha kuipenda Korongo. Nilijaribu. Haikuwezekana.

Sasa nimeombwa kura. Nikimkubali Dira, atakayepiga kura ni yule Korongo wa ndani, kwa shukrani ya bao lile. Nikimkataa, nitakuwa nimemwita msaliti mtu aliyehama mchana, mbele ya kamera, na mimi nilijificha. Kura yangu si halali kwa upande wowote.

Na kuna bendera. Mwanachama akifa, tawi linafunika jeneza lake kwa bendera ya njano na nyeusi. Mangi ameshaniambia, kwa upendo kabisa, kwamba yangu itakuwa mpya, ya kitambaa kizito. Nilimshukuru. Tangu siku ile silali vizuri. Sitaki kuzikwa chini ya jibu nililompa mkwe wangu.

Jumanne, 14 Oktoba

Pumzi mbaya. Neema hakwenda sokoni. Mara mbili nilifungua mdomo kumwambia. Mara ya kwanza nikasema chai ina sukari nyingi. Ya pili nikasema haina.

Mwoga.

Jumatano, 15 Oktoba

Nimesema.

Kwa Mama Sele, Neema alinishika kiwiko nikasimama. Nikawaambia siwezi kupiga kura kwa kuwa mimi si Nyuki, sijawahi kuwa, ni Korongo tangu mtoto. Nikawaeleza habari ya mkwe wangu. Ilichukua dakika chache tu. Nilishangaa jambo la miaka hamsini kuwa fupi namna ile.

Shaibu alicheka akidhani ni mzaha. Kisha akaacha.

Mangi aliniuliza taratibu, "Mwalimu, wamekubadilishia dawa?"

Nikamwambia dawa ni zilezile.

"Kwa hiyo siku zote hizi tumemfundisha adui nyimbo zetu."

"Tumemfundisha?" Shaibu akasema. "Ule wa korongo kunyonyoka manyoya ameutunga yeye."

Ni kweli. Ni wimbo mzuri. Ubeti wa pili uliniuma sana kuuandika, na ndio wanaoupenda zaidi.

Mangi aliinuka akatoka, chakula chake kikabaki mezani. Hilo liliniumiza. Wengine walitazama simu zao. Mama Sele akaniwekea samaki, akasema, "Kula, Mzee. Korongo naye ana tumbo."

Ndani ya teksi Neema alitazama nje mpaka tukavuka daraja. Halafu akaanza kucheka. Alicheka mpaka dereva akatuangalia kwenye kioo. Akasema, "Baba, kwa hiyo kule chooni..." Nikasema ndiyo. Akafuta machozi kwa kitambaa cha kichwani.

Nimekula chakula chote cha jioni. Kifua chepesi. Sijui ni dawa au ni hili.

Alhamisi, 16 Oktoba

Nimefanya kosa kubwa. Nilipaswa kuanza na Perpetua.

Nilikusudia kumpigia leo asubuhi. Lakini mtu wa tawi alikwisha kuandika kwenye kundi moja la simu, ikapelekwa kwenye kundi jingine, na kabla teksi yetu haijafika nyumbani jana habari ilikuwa Morogoro, kwenye kundi la kina mama wa Nyuki. Perpetua ndiye mweka hazina wao. Ameambiwa na watu kwamba mumewe ni Korongo.

Nimempigia. Hapokei. Ujumbe wa sauti ameusikiliza. Hajajibu.

Neema anasema nimpe muda. Sijui nina muda kiasi gani wa kumpa.

Ijumaa, 17 Oktoba

Perpetua amepiga, saa za mchana huku. Hakunisalimia.

Alisema, "Ile fainali. Mvua inanyesha, tuko nje ya uwanja, Nyuki wamefunga dakika za mwisho. Ulilia, Baba Neema. Nikakushika mkono. Nimewasimulia watu maisha yangu yote kwamba mume wangu alilia kwa furaha ya Nyuki. Ulikuwa unalia nini?"

Nikasema nilikuwa nalia Korongo kufungwa.

 Nilisikia kuku wetu.

"Na mkono wangu je?"

Nikamwambia mkono wake ulinisaidia. Kwamba pale ndipo nilipoelewa kuwa baba yake hakunidhulumu kitu, hata kama aliniuliza lile swali. Sikujieleza vizuri. Pumzi ilikuwa fupi.

Simu ikakatika. Sijui kama ni mtandao au ni yeye.

Nilidhani kusema ukweli ni kutua mzigo. Kwa Perpetua mzigo huu niliutua mgongoni mwake. Hata hivyo ukweli wenyewe nisingeurudisha.

Jumapili, 19 Oktoba

Sikuweza kwenda ibadani. Mchana Mangi alikuja, ana balungi mkononi kubwa kama kichwa cha mtoto. Alikaa ukingoni mwa kiti kama mtu wa benki. Alilimenya balungi lote, akanipa vipande vidogo vidogo.

Kisha akatoa simu akanionyesha mchoro wa jezi. Dira yumo. Yuko pindoni, chini kabisa, upande wa kushoto.

"Asiyemtaka atachomekea," Mangi alisema. "Mimi nitachomekea."

Laobani wa kiwanda, mwenye mali, alimwuliza kwa nini yule mmoja amewekwa chini kama lebo ya kufulia. Mangi akamwambia ndiko kwao. Nilicheka mpaka nikakohoa, Neema akaja mbio.

Nilimwuliza kilichombadilisha. Akasema alikwenda nyumbani ana hasira, akajaribu kukumbuka jambo moja baya nililoifanyia Nyuki. Akakumbuka katiba, nyimbo, na yule mwanachama aliyelazwa nikamwandikia barua zote za hospitali. Akasema, "Umetutumikia na wewe ni wao. Yule alitutumikia kabla hajawa wao. Nikaona nikimfuta yeye lazima nikufute na wewe, na wewe siwezi, umejaa kwenye makaratasi yote."

Halafu akauliza habari ya bendera, akiangalia maganda. Nikamwambia hapana, namshukuru. Akasema ya Korongo hawezi kuinunua kwa mkono wake. Atamwambia Shaibu.

Ulezi nimeurudisha. Ameupokea.

Nimelala mchana kwa muda wa saa mbili, chali, kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi.

Jumanne, 21 Oktoba

Daktari anasema maji ya mapafu yamepungua kidogo. Ndege bado. Neema amekwenda kuona mizigo. Nje kuna jua dogo, na mama wa ghorofa ya chini ameanika majani ya mboga kwenye kamba.

Perpetua amepiga. Aliuliza uvimbe wa miguu. Aliuliza kama ninakula. Alisema kina mama walimwita kikaoni, wakamwuliza kama anataka kupumzika uhazina. Aliwajibu kwamba yeye si Korongo, yeye ameolewa tu. Hakucheka aliposema hivyo. Mimi pia sikucheka, lakini nilitaka.

 Kisha akasema, "Wenzako wamecheza jana."

Nikasema sikujua.

"Wameshinda mbili bila. La kwanza la bahati. La pili zuri."

Nilimwuliza lilikuwaje. Akanieleza, kwa sauti ya kinyongo, lakini hakuacha kitu. Beki wa kushoto kapanda, kampita mtu wa kwanza, krosi ikaenda nguzo ya pili, na yule kijana wao mrefu akairukia.

Hakuna mtu aliyewahi kunisimulia bao la Korongo kwa sababu anajua nitalifurahia. Nilimwomba aanze tena, pale beki alipopanda. Akaanza tena.